Vanishi Iliyoanzia Mlangoni

Wananiita Bi Msasa, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Wanadai ni kwa sababu ya kazi yangu. Waongo wakubwa hao, ni kwa sababu ya mdomo wangu, na wala sikatai. Miaka yote niliyokaa kwenye kazi hii sijaona ubao uliolainika kwa kubembelezwa.

Kazi yangu ni vanishi. Siyo rangi. Tuelewane hapo kabla hatujafika mbali, maana watu wanavichanganya vitu hivi viwili na mimi wakivichanganya napandwa na hasira. Hata mwenye nyumba hii ninayotaka kuwasimulia, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa watu mwenye miwani inayoning'inia kwenye mnyororo, alinikuta nimepiga magoti nasugua sakafu ya mbao ya chumba chake cha juu, akanionea huruma. "Fundi, mbona unajitesa hivyo?" akasema. "Si upige tu vanishi, hiyo mikwaruzo itajificha."

Nikaweka msasa chini. Nikamwambia, "Mwalimu, ukitaka kuficha, duka la rangi lipo pale kwenye kona. Rangi inafunika. Vanishi haijui kufunika. Kila mkwaruzo unaouona hapa, nikiupitishia vanishi bila kuusugua, utakuwa unakusalimia kila asubuhi mpaka uhame."

Akacheka, akasema hakuwa anajua. Basi sasa anajua. Wengi wanadhani vanishi maana yake ni kung'arisha, yaani kitu kibovu unakipaka kinang'aa na watu wanadanganyika. Kung'aa ni nyongeza tu. Vanishi inazuia maji, inazuia vumbi, inazuia jasho la miguu na chai ya kumwagika, lakini jicho hailizuii. Unaitazama mbao kama ilivyo, na macho yake pale matawi yalipoota, na mishipa yake, na pale fundi alipokosea pia unapaona. Ndiyo maana mafundi wabovu hawanipendi. Wao wanamaliza kazi, mimi nakuja nyuma yao na kopo langu, halafu kila mtu anaona walichofanya.

Sakafu ile aliilaza mdogo wangu. Sipendi kumsifu mtu ovyo, kwa hiyo nikisema hakuna anayelaza mbao kama yeye, mjue nimelazimika. Kati ya ubao na ubao hata wembe haupiti. Nilikuwa napitisha kiganja kuanzia ukutani mpaka ukutani natafuta pa kumkosoa, sikupata, nikaudhika.

Shida ni kwamba mimi na yeye tulikuwa hatusemeshani tangu baba alipofariki. Baba alikuwa seremala, na siku ya kugawa vitu vyake tulikaa sebuleni kwa mama, ndugu wote na majirani wachache wa kushuhudia. Mama akainuka na ufunguo wa karakana mkononi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kiti cha kwanza. Mtoto wa kiume, seremala kama baba yake, aliyeshika randa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama akampita. Akaja mpaka kwangu mimi, mpiga vanishi, akaniwekea ufunguo kwenye kiganja, akarudi kukaa. Hakueleza kitu. Mama yetu si mtu wa kueleza. Mdogo wangu akachukua kofia yake, akatoka, na mlango wa mama hakuugusa tena.

Ugomvi wake ulikuwa na mama, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, kwa hiyo na mimi nikaingizwa. Alifungua kibanda chake upande wa pili wa barabara. Cha ajabu, kazi tuliendelea kufanya pamoja, kwa sababu wateja walitaka mbao yake na vanishi yangu, na tumbo halina kinyongo. Tuliongea kwa penseli. Yeye anaandika kwenye ubao: "Hapa gundi mbichi." Mimi naandika chini yake: "Naona, sina mtoto wa jicho." Yeye: "Usisugue sana pembeni." Mimi: "Nifundishe na kula." Halafu napitisha msasa, mazungumzo yote yanageuka vumbi, tunaanza upya kesho yake. Wifi yangu, yaani mkewe, alisema siku ya kiyama malaika watapata taabu sana kuyasoma maneno yetu.

Wifi huyo huyo ndiye aliyenijia jioni moja, macho yamevimba. Mumewe amepata mkataba nje ya nchi, wa kujenga hoteli, kazi ya mbao tupu, na ni ya miaka. Tiketi anayo. Anaondoka keshokutwa.

"Kamwambia mama?" nikauliza.

"Hajamwambia. Nimemsihi mpaka nimechoka. Anasema mama hana habari naye."

Hapo mjue mama alikuwa keshazeeka. Magoti yamemwisha, moyo nao daktari alisema tusimpe mishtuko. Na kila jioni nikimpelekea dawa ananiuliza swali moja, anauliza huku anatazama pembeni: "Na yule mwingine, hajambo?" Namwambia hajambo. Anasema, "Haya." Basi. Sasa nilijua kitu kimoja bila kuambiwa na daktari: yule bwana akipanda ndege bila kumuaga mama, hawataonana tena. Atakaporudi, kama atarudi, atakuta kaburi na atalilia hapo, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni na ufunguo wangu. Usiku ule nilijigeuza kitandani mpaka shuka likatoka. Asubuhi nikasema haya mambo ya penseli yamefika mwisho.

Sasa niwaeleze kanuni moja, na ni kanuni ya kwanza kabisa ukifundishwa kupiga vanishi sakafuni. Unaanzia kona ya mbali, unarudi nyuma kuelekea mlangoni. Ukifika mlangoni unatoka, unafunga, unakwenda zako. Ukianzia mlangoni umejifungia mwenyewe. Hiyo haisahauliki, ni kama kupika unakumbuka kuwasha moto. Na kanuni ya pili ni kwamba vanishi mbichi haikanyagwi. Nimewahi kumfukuza mteja kwenye sebule yake mwenyewe, brashi mkononi, kwa sababu alitaka kuingia kuchukua gazeti. Baba alikuwa hivyo hivyo. Mdogo wangu yuko hivyo hivyo. Kwa familia yetu, ni afadhali mtu akukanyage wewe.

Siku ile ilikuwa ya mkono wa tatu, yaani kuipaka sakafu mara ya tatu, ya mwisho. Mdogo wangu alikuwa amebakiza benchi la dirishani, lile lenye sanduku ndani na kifuniko juu, na ilikuwa bado kufunga bawaba za kifuniko tu. Kazi ya bisibisi, haina vumbi. Aliingiza kichwa na mabega ndani ya sanduku, matako nje, na yeye akishakuwa hivyo hata nyumba ikiungua hasikii.

Nikafagia, nikapangusa sakafu na kitambaa chenye unyevu, nikachuja vanishi kwenye soksi safi. Nikakoroga taratibu, maana ukikoroga kwa pupa unaingiza mapovu na mapovu yanakauka yakiwa vipele. Kikapu changu nikakiweka kwenye ukingo wa benchi, pembeni yake. Nikafunga mlango. Halafu nikapiga magoti pale pale mlangoni, nikachovya brashi, nikaanza.

Nisiwafiche, mkono ulikuwa mzito mwanzoni. Mwili wote ulikuwa unanikataa. Lakini niliendelea, ubao baada ya ubao, brashi ikifuata mishipa ya mbao, nikisogea kuelekea dirishani, na mlango ukizidi kuwa mbali. Na ilikuwa vanishi nzuri, nasema mwenyewe. Ililala kama maji kwenye sinia. Nilipofika dirishani kulikuwa kumebaki kipande cha sakafu cha kutosha watu wawili kuweka miguu. Nikafunika kopo, nikakaa kwenye benchi, nikangoja.

Akatoka sandukuni, akajinyoosha mgongo, akageuka. Akatazama sakafu. Akatazama mlango ulivyo kule. Akanitazama mimi.

"Dada," akasema, "umeanzia mlangoni."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kunitamkia tangu mazishi ya baba.

"Nimeanzia mlangoni," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, machozi yakamtoka, akawa anajipiga paja. "Bi Msasa mwenyewe. Naenda kuwasimulia watu wote wa kibandani. Naenda kulichonga kwenye ubao nilitundike nje." Na mimi nikacheka, maana kicheko chake nilikuwa nimekisahau, kinaanza juu halafu kinavunjika katikati kama cha baba.

Halafu nikafungua kikapu nikatoa chupa ya chai, na mkate, na vikombe. Akaviona vikombe. Vilikuwa viwili.

Kicheko kikakatika. "Hukukosea," akasema.

"Mimi sikosei. Kaa unywe chai."

Alikasirika, na alikuwa na haki. Akafungua dirisha akachungulia chini. Tulikuwa ghorofani na chini ni zege.

"Ruka," nikamwambia. "Ila sijui kama huko kwenye hoteli wanachukua fundi mwenye miguu ya plasta."

"Kumbe umeambiwa."

"Nimeambiwa. Siyo na wewe."

Akatoa simu akampigia mkewe, akaweka sauti ya nje ili nisikie ninavyosemwa. "Mke wangu, dada amenifungia kwa vanishi. Ndiyo, vanishi. Hapa kwa mwalimu, chumba cha juu. Amepiga sakafu yote tuko dirishani hatuwezi kutoka mpaka alasiri. Mpigie mtu, sijui nani, fanya kitu." Wifi akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Yaani mko wote wawili hapo, na hamna pa kwenda?" Mdogo wangu akasema ndiyo. Wifi akakata simu.

Tukanywa chai. Harufu ya vanishi ilikuwa imejaa chumba lakini upepo wa dirishani ulitusaidia. Nikamwachia atafune mkate, kisha nikamwingia moja kwa moja.

"Unaondoka bila kumuaga mama yako. Kwa nini?"

"Mama alinipita, dada. Ulikuwepo. Mbele ya watu wote alinipita kama kiti."

"Nilikuwepo."

"Basi unauliza nini? Kama mimi ni kiti, kiti hakiagi mtu."

"Ulikuwa unakunywa," nikasema. Alinitolea macho, kisha akatazama chini. "Usinitolee macho hivyo, au usitazame chini, sijui hata nikwambieje. Ulikuwa unakunywa asubuhi, mchana na jioni. Hata kaburini ulishikwa mkono na watu."

"Nilikuwa nakunywa," akasema. "Nimeacha. Siku ile ile ya ufunguo nilikwenda nikanywa, kesho yake nikaamka nikamwaga kila kitu. Nilisema nitamwonyesha. Nimekaa miaka nikimwonyesha, dada. Hakuna aliyesema hata neno. Hata wewe."

"Mimi niliona."

"Uliona wapi?"

"Kwenye penseli. Zamani, baba akiwa hai, mstari wako wa kupimia ulikuwa unatetemeka, nasugua na msasa nasema huyu atajikata kidole. Halafu ukanyooka. Nikamwambia mama jioni ile ile. Nikamwambia, mama, mstari wa mwanao umenyooka."

Aliacha kutafuna. "Akasemaje?"

"Akasema, haya."

Hilo halikumsaidia. Alikunja uso, akageukia dirishani, na mimi nikaona mpango wangu wote unaniponyoka. Nilikuwa nimejiandaa vizuri jamani. Nilikuwa na maneno ya kumchoma, ya kumbembeleza, na mengine ya akiba. Niliyasema yote. Nikamwambia mama ni mzee. Akasema anajua. Nikamwambia atajuta. Akasema tayari anajuta. Nikamwambia twende wote, hata kwa dakika chache, mimi nitaongea. Akatikisa kichwa. "Wewe umeongea maisha yako yote, dada. Mimi nataka yeye aongee. Akinyamaza tena mbele yangu, nitaondoka na kile kimya mpaka huko, na sitakiweza. Bora nisiende."

Nikamwongezea chai, maana hata yale maneno ya akiba yalikuwa yameisha.

Ndipo tukasikia fimbo kwenye ngazi. Pigo moja, kimya kirefu, pumzi, pigo jingine. Mdogo wangu aliitambua kabla yangu. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akatazama huku na huku kama mtu aliyekutwa bafuni. Hakukuwa na pa kwenda. Mimi nilikuwa sijapanga hilo, naapa. Ni wifi. Alikata simu, akaenda moja kwa moja kwa mama, akamwambia, "Yuko sehemu ambayo hawezi kukukimbia," na mama akavaa viatu.

Mlango ukafunguliwa. Mama akasimama kizingitini, ameshika fremu, kifua kinapanda na kushuka. Nyuma yake alikuwepo mwalimu na kiti mkononi, akamwambia, "Mama, kaa," na mama akasema, "Nitasema nimesimama, asante." Mwalimu akaacha kiti akashuka.

Mama hakututazama kwanza. Alitazama sakafu. Mke wa seremala huyo, hawezi kujizuia. "Mkono wa tatu?" akauliza.

"Wa tatu, mama."

"Imelala vizuri." Macho yakarudi miguuni pake. "Umeanzia mlangoni."

"Ndiyo, mama."

"Makusudi."

"Makusudi."

"Una wazimu," akasema, lakini hakusema kwa ubaya. Kisha akainua macho. "Na wewe mwingine."

"Shikamoo, mama," akasema mdogo wangu. Sauti ilikuwa ya mtoto wa shule.

"Marahaba." Mama akaishika fremu vizuri. Tulikuwa kila mmoja upande wake wa chumba na ile sakafu yote iko katikati inang'aa, mwanga wa dirisha juu yake. "Nasikia unaondoka."

"Kesho, mama."

"Na ulikuwa huji kuniaga."

"Ulinipita, mama," akasema. Neno lilimtoka kabla hajalitaka.

"Nilikupita," mama akasema. "Na nikirudishwa siku ile nitakupita tena. Ulikuwa mlevi. Ningekupa ufunguo ule, randa za baba yako zingeishia baa, na karakana nayo ingefuata, halafu ungefuata wewe. Nilikuwa nimetoka kuzika mume, sikutaka kuzika na mtoto. Kwa hilo sikuombi radhi."

Nilifumba macho. Nikasema moyoni, mama, kati ya siku zote za kuanza kuongea, ndiyo umechagua kuanza hivi. Nilipofumbua mdogo wangu alikuwa hajasogea. Alikuwa anamtazama tu, anamsikiliza, kama anavyosikiliza ubao akiugonga kujua kama una ufa.

"Radhi ninayokuomba ni nyingine," mama akaendelea. Sasa sauti ilikuwa inamkatika. "Uliacha. Dada yako aliniambia, mkeo aliniambia. Nikasema kesho nitakwenda nimwambie mwanangu nimeona. Kesho ikifika nasema kesho. Nilikuwa naona haya, baba. Nasema mimi ndiye mama, yeye ndiye mtoto, aje yeye. Nimekaa pale kwangu nasubiri mlango ugongwe, na wewe huko kwako unasubiri, mpaka tumefika hapa. Hapo ndipo nilipokukosea. Ulifanya kazi ngumu kuliko zote za baba yako na mimi mama yako sikusema asante. Nisamehe."

Mdogo wangu akafuta uso kwa mkono wa shati. Kule mlangoni mama alikuwa ameng'ang'ania fremu, na niliona goti la kushoto limeanza kumwacha. Zile ngazi zilikuwa zimemmaliza. Mdogo wangu naye aliliona. Akainama akafungua kamba za viatu, akavua, akavua na soksi, akasogea mpaka ukingoni mwa vanishi.

"Simama hapo hapo," mama akasema. "Usikanyage kazi ya dada yako. Nitangoja ikauke."

"Ni mpaka alasiri, mama."

"Nitangoja. Nimengoja zaidi ya hiyo." Akapapasa nyuma akitafuta kiti, asikipate.

Mdogo wangu akanigeukia. Alinitazama tu, vidole vya miguu viko ukingoni kabisa, kama tulivyokuwa tunamtazama baba zamani tukitaka kuingia karakana. Na mimi, wallahi, kitu cha kwanza nilichokiona ni ile sakafu. Magoti yangu yaliyokuwa yamechubuka kwa kuisugua. Ule ubao wa katikati wenye jicho la rangi ya asali. Haikuwa na vumbi, haikuwa na povu, haikuwa na unywele wa brashi. Ilikuwa sakafu bora kuliko zote nilizowahi kupiga, na ilikuwa bado mbichi.

"Kanyaga," nikasema.

"Dada..."

"Kanyaga, bwana. Au unataka nikuandikie?"

Akakanyaga. Alipita katikati, moja kwa moja, na kila akiinua mguu vanishi ilikuwa inamshika na kumwachia kwa mlio wa kunata, na mimi kila mlio nilikuwa naubana kwenye meno. Alimfikia mama pale goti linapokwisha. Akamdaka, akamkalisha kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake akalia kwa sauti. Mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Hakumwambia anyamaze.

Baada ya muda mama akamuuliza, "Umekula?"

"Nimekula mkate wa dada."

"Huo si chakula. Leo unakula kwangu."

"Leo nalala kwako, mama. Na kesho naondokea kwako."

"Haya," mama akasema, na safari hii lile neno lilikuwa na kila kitu ndani yake. Mdogo wangu akambeba mgongoni, maana alisema mama hazikanyagi tena ngazi zile, na mama akalalamika kwamba yeye si gunia, na wakashuka hivyo hivyo wakibishana. Hakuna aliyegeuka kuniaga. Hata viatu vyake aliviacha.

Nikabaki peke yangu dirishani. Mtu mwingine angesema, haya, imeshaharibika, pita na wewe ukanywe maji. Kweli ilikuwa imeharibika. Nyayo zilikuwa zimekaa katikati ya chumba, kila kidole kinaonekana, na hakuna njia ya mkato ya kutengeneza kitu hicho: unangoja ikauke kabisa, unasugua sakafu yote upya, unapiga mkono wa nne. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia mwalimu, na akibisha nitakavyomjibu. Lakini kupita juu yake siwezi. Nikapandisha miguu kwenye benchi, nikamimina chai iliyobaki.

Chini barabarani niliwasikia wanatoka. Mama alikuwa anaongea. Anaongea, anaongea, hanyamazi, mama yetu huyo, na mdogo wangu anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na kile kicheko kikaanza juu kikavunjika katikati. Ndipo machozi yakanijia, mengi, na mimi si mtu wa kulia. Nikainua uso haraka nikatazama dari, nikayaacha yateremke shingoni, maana chozi likidondoka kwenye vanishi mbichi linaacha doa jeupe, na kwa siku hiyo zile nyayo zilinitosha.